Usingizi hauji? Anza na mwanga, vidonge baadae

Kama unasoma hii saa 8 usiku umelala chali na simu iko usoni, kwanza shusha mwanga wa skrini mpaka chini kabisa alafu endelea kusoma. Sikulaumu, nimekaa hapo ulipo miaka mingi sana. Nilikuwa naingia kitandani saa 5, nageuka upande huu nageuka upande ule, nahesabu masaa yaliyobaki kabla ya alamu kulia, usingizi unakuja saa 8 wakati nimeshachoka hata kuusubiri. Nikanunua melatonini (homoni ya usiku iliyowekwa kwenye kidonge), nikaanza na miligramu 5 nikapanda mpaka 10, nikaongeza magnesiamu, nikaongeza na vidonge vya mizizi, na bado nilikuwa nalala saa 8 ile ile, kilichobadilika ni kwamba asubuhi kichwa kilikuwa kizito kuliko mwanzo. Kilichokuja kunisaidia ni kuelewa kwamba mwili unapanga saa ya kulala kwa kufuata mwanga, na kidonge kinasaidia pale tu kinapomezwa kwa saa yake. Kwahiyo kwenye huu mwongozo nitakaa sana kwenye mwanga, saplimenti, yani vidonge vya nyongeza, zitafuata, na ukiwa na haraka ya kujua dozi nakuomba sana usiruke hii sehemu ya kwanza maana bila hiyo dozi haitakusaidia kitu.

Saa iliyoko kichwani

Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana, kuna kifundo kidogo cha maelfu ya seli kila upande. Hiyo ndo saa kuu ya mwili. Ikiachwa yenyewe bila mwanga wa kuisahihisha, kwa watu wengi inazunguka zaidi kidogo ya masaa 24, wastani wake ni kama masaa 24 na dakika 10. Dakika 10 utaona ni kidogo ila jumlisha, ndani ya wiki moja umeshasogea zaidi ya saa nzima. Ndo maana kuchelewa kulala ni rahisi kuliko kuwahi, mwili wenyewe unavutia kule kwa kuchelewa, na kuna watu wasioona kabisa mwanga ambao usingizi wao unazunguka mchana na usiku kwa wiki kadhaa kwa sababu saa yao haina kitu cha kuirekebisha.

Sasa mwanga unaifikiaje hiyo saa? Kwa macho, ila sio kwa njia ile ile tunayoonea vitu. Mwaka 2002 watafiti walionyesha kwamba nyuma ya jicho kuna seli nyingine tofauti na zile za kuonea, zina protini inaitwa melanopsini, na kazi yake kubwa ni kupima mwanga ni mwingi kiasi gani kisha kuipa taarifa saa ya kichwani. Seli hizi zinashtuka zaidi na mwanga wa rangi ya samawati, karibu na nanomita 480, ambao unapatikana kwa wingi kwenye anga la mchana na pia kwenye taa nyeupe za kisasa na skrini. Ukiwa sebuleni saa 4 usiku chini ya taa nyeupe kali, zile seli zinaiambia saa kwamba bado ni mchana. Hazijui kwamba ile ni balbu.

Saa ikishaamini kwamba usiku umeingia, inaruhusu tezi ndogo iliyoko katikati ya ubongo itoe melatonini. Homoni hii iligunduliwa mwaka 1958 na Aaron Lerner wa chuo kikuu cha Yale, na mwaka 1980 Alfred Lewy na wenzake wakaonyesha kwamba mwanga mkali usiku unaizima kwa binadamu. Kwa kawaida inaanza kupanda kama masaa mawili kabla ya muda uliozoea kulala. Na hapa kuna jambo ambalo lingeniokolea hela nyingi kama ningelijua mapema: melatonini haikuangushi usingizini kama dawa ya nusukaputi. Panya nae anatoa melatonini usiku, na usiku ndo muda wake wa kuzunguka kutafuta chakula! Ni tangazo tu la kwamba giza limeingia. Kila mwili unajua wenyewe giza likiingia ufanye nini, na wa kwetu sisi unajiandaa kulala.

Asubuhi ndo inapoanzia

Watu wengi wakikosa usingizi wanashughulika na usiku tu. Mimi nakwambia anza na asubuhi maana mwanga wa asubuhi ndo unaivuta saa irudi nyuma, yani uje usikie usingizi mapema jioni.

Mwanga unapimwa kwa laksi. Chumba cha kawaida chenye taa kinatoa kama laksi 100 mpaka 300, ofisi yenye taa nyingi labda 500. Nje siku ya mawingu unapata maelfu, mara nyingi 10,000 au karibu na hapo, na jua likiwa limewaka kabisa inaweza kufika 100,000. Jicho letu linajirekebisha haraka sana kwahiyo hatuhisi hiyo tofauti, unakaa ndani unaona kunang'aa kabisa kumbe umepata sehemu ndogo mno ya kile mwili unachokihitaji. Hii ndo sababu kukaa karibu na dirisha sio sawa na kutoka. Ukisogea hatua chache tu kutoka dirishani mwanga unashuka sana.

Kwahiyo cha kufanya: ndani ya saa moja tangu uamke, toka nje. Dakika 20 mpaka 30 zinatosha kama kuna jua, kama kuna mawingu mazito kaa zaidi. Usiliangalie jua lenyewe, kamwe, linaunguza jicho. Tembea tu, simama, piga simu zako, kunywa chai yako huko nje, mradi macho yako wazi na anga liko mbele yako. Miwani ya jua iache pembeni kwa hizo dakika kama daktari wa macho hajakuagiza uivae. Na mchana ukipata nafasi toka tena, kwasababu mtu aliyepata mwanga mwingi mchana, mwanga wa jioni unamsumbua kidogo kuliko yule aliyeshinda ndani kwenye giza giza.

Mwaka 2013 kuna utafiti ulichapishwa Marekani, watu 8 walipelekwa kupiga kambi kwenye milima ya Colorado wiki moja, hakuna taa za umeme hakuna simu, ni jua na moto wa kuni tu. Melatonini yao ikaanza kupanda karibu masaa mawili mapema kuliko walipokuwa nyumbani kwao. Hakuna aliyepewa kidonge. Mimi huu utafiti ndo ulionibadilisha kabisa, nikasema kama wiki moja inaweza kusogeza masaa mawili basi na mimi naweza kupata hata nusu yake bila kwenda kulala porini.

Lakini sasa kuna mtego, na huu soma polepole maana niliingia mwenyewe. Mwanga unaivuta saa kwa upande tofauti kulingana na muda unaoupata. Kuna sehemu ya usiku ambapo joto la mwili linafika chini kabisa, kwa watu wengi ni kama masaa mawili mpaka matatu kabla ya muda wanaoamka wenyewe bila alamu. Mwanga ukija KABLA ya hapo unasukuma usingizi mbele, yani kesho utachelewa zaidi. Ukija BAADA ya hapo unauvuta uwe mapema. Sasa mchukue mtu kama nilivyokuwa mimi, analala saa 8 usiku na akiachwa anaamka saa 4 asubuhi. Joto lake liko chini kabisa kama saa 1 mpaka saa 2 asubuhi. Mtu huyo akisikia "amka na jua" akaweka alamu saa 12 akakimbia nje, anapata mwanga wakati mwili wake bado unaamini ni usiku wa manane. Nilifanya hivyo wiki mbili kwa nidhamu yote, nikawa nalala saa 9. Nililia kwa kweli.

Njia sahihi kwa mtu wa hivyo ni kuanza na muda anaoamka mwenyewe, apate mwanga hapo hapo, alafu asogeze kidogo kidogo nusu saa kila baada ya siku mbili tatu. Kama kazi inakulazimisha kutoka alfajiri, hapo ndo miwani ya jua ina kazi, vaa njiani mpaka ufike ule muda wa mwili wako alafu uitoe (mradi usiivae ukiendesha gari wakati bado kuna giza).

Kuna hizi taa maalum za mezani za laksi 10,000, unakaa mbele yake kama nusu saa asubuhi kwa umbali ulioandikwa kwenye maelezo yake. Zinafanya kazi hasa kwa watu ambao asubuhi kwao bado giza au hawawezi kutoka. Ila kama una ugonjwa wa retina (ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga), au unatumia dawa zinazofanya ngozi na macho yaungue na mwanga, au umewahi kuambiwa una baipola (ugonjwa wa hisia kupanda sana na kushuka sana), ongea na daktari kwanza, kwenye baipola mwanga mkali unaweza kumpandisha mtu hisia kupita kiasi. Hilo sio la kujaribu peke yako.

Jioni, shusha taa zote

Watu wanaongelea simu, simu, simu. Simu ni sehemu tu. Taa ya darini ndo kubwa. Kuna utafiti wa mwaka 2011 uliowakalisha watu kwenye mwanga wa kawaida wa chumba, chini ya laksi 200, kwa masaa kabla ya kulala, na muda wa melatonini mwilini ulipungua kama dakika 90 ukilinganisha na waliokaa kwenye mwanga hafifu. Mwanga wa kawaida tu, huu tunaoishi nao wote.

Mwaka 2022 wataalamu wa mwanga wakatoa mapendekezo ambayo mimi nayapenda kwasababu yana namba: mchana upate angalau laksi 250 kwenye usawa wa macho, masaa matatu ya mwisho kabla ya kulala zisizidi 10, na wakati wa kulala isizidi 1. Hizo ni laksi zinazopimwa kwa jinsi zile seli za melanopsini zinavyouona mwanga, kwahiyo programu ya simu ya kupimia haitakupa jibu kamili, ila inakupa picha. Laksi 10 ni kidogo mno, ni kama taa moja ndogo kwenye kona.

Ninavyofanya mimi, masaa matatu kabla ya kulala nazima taa zote za juu. Kabisa. Nabaki na taa moja ya mezani yenye balbu ya njano iliyo hafifu, imekaa chini ya usawa wa macho, maana mwanga unaotoka juu unaingia vizuri zaidi kwenye zile seli kuliko unaotoka chini. Siku za kwanza nyumba nzima walilalamika, ilibidi nikae nao niwaeleze, nikakubali sebuleni taa ibaki ila ibadilishwe iwe ya njano. Baada ya siku kama nne hivi nilianza kupiga miayo saa 4 usiku, kitu ambacho sikuwa nakikumbuka tangu nikiwa mtoto.

Bafuni napo angalia. Unakuta mtu ametulia gizani masaa mawili vizuri, alafu dakika ya mwisho anaingia kupiga mswaki chini ya taa nyeupe kali iliyoko juu ya kioo. Piga mswaki mapema au weka taa ndogo huko. Ukiamka usiku kwenda msalani usiwashe taa kubwa, ka taa kadogo kekundu au ka njano ka kuchomeka ukutani kanatosha.

Sasa simu yenyewe. Mwaka 2015 kulikuwa na utafiti Marekani, watu 12, walisoma kwenye tableti yenye mwanga wa juu kwa masaa manne kabla ya kulala, siku nyingine wakasoma kitabu cha karatasi kwenye mwanga hafifu. Kwenye tableti walichelewa kulala kwa kama dakika 10. Dakika 10 baada ya masaa manne ya mwanga wa juu kabisa! Kwahiyo kama unachelewa masaa mawili usiitupie lawama skrini peke yake. Kinachoiba usingizi kwenye simu mara nyingi ni kile unachokisoma, ugomvi wa watu, kazi, habari mbaya, video moja inaleta nyingine na muda unakwenda. Ile modi ya usiku inayogeuza skrini kuwa ya njano inasaidia kidogo sana, kushusha mwanga wenyewe kunasaidia zaidi. Na hizi miwani za kuzuia samawati, zile za kioo cheupe kisichoonekana rangi zinapunguza kidogo mno, zinazokata kweli ni za rangi ya chungwa iliyokolea, na hata hizo hazina haja kama umeshazima taa.

Kitu kingine kinachoendana na hapo ni joto. Ili usingizi uje, joto la ndani ya mwili linatakiwa lishuke. Kuoga maji ya moto saa moja mpaka mbili kabla ya kulala kunasaidia kwasababu damu inakuja kwenye ngozi ya mikono na miguu na joto linatoka. Ukioga dakika tano kabla ya kulala unaingia kitandani ukiwa bado unachemka, kwahiyo zingatia muda.

Haya, saplimenti

Naanza na melatonini maana ndo inayonunuliwa zaidi na ndo inayotumiwa vibaya zaidi.

Ukijumlisha tafiti nyingi, melatonini inapunguza muda wa kusubiri usingizi kwa kama dakika 7 kwa wastani. Nilivyosoma hiyo namba nilikaa kimya. Dakika saba. Lakini huo ni wastani wa watu waliomeza karibu na muda wa kulala, na hapo ndo kuna siri yenyewe. Kwa mtu ambae saa yake imechelewa, faida kubwa ya melatonini ni kuisogeza saa, na kwa kazi hiyo inamezwa mapema, kama masaa matano kabla ya muda unaopata usingizi sasa hivi, kwa dozi ndogo. Kama unalala saa 8 usiku unameza saa 3 usiku. Unautangazia mwili kwamba giza limeingia wakati wenyewe ungetangaza saa 6. Ukimeza saa 8 pale pale kitandani, mwili umeshatangaza zamani, unaongeza tu kelele. Na ukiimeza alfajiri kwasababu usiku wote hujalala, inaweza kuisukuma saa upande mbaya kabisa.

Dozi: miligramu 0.3 mpaka 0.5 zinatosha kwa kusogeza saa. Tafiti za miaka ya 90 zilishaonyesha kwamba miligramu 0.3 inakifikisha kiwango cha damu karibu na kile cha asili cha usiku. Kumi ni nyingi mara 30 ya hapo. Inabaki mwilini mpaka asubuhi na ndo ule uzito wa kichwa niliousema, na ikibaki damu ina melatonini asubuhi inaipa saa taarifa zinazopingana na mwanga. Kama dukani kuna vya miligramu 1 tu, kata nusu, ila sio vile vya kutoa dawa polepole, hivyo havikatwi.

Alafu kuna shida ya kilichoandikwa kwenye chupa. Mwaka 2017 watafiti wa Kanada walipima bidhaa 31, wakakuta kiasi halisi kuanzia chini ya maandishi kwa asilimia 83 mpaka juu kwa asilimia 478, na baadhi zilikuwa na serotonini (kemikali ya ubongo) ndani ambayo haikuandikwa popote. Mwaka 2023 zikapimwa pipi laini za melatonini 25 huko Marekani, 22 maandishi yake hayakuwa sahihi. Marekani inauzwa kama chakula cha nyongeza, Uingereza ni dawa ya kuandikiwa na daktari, kwahiyo ubora unategemea sana umenunua wapi. Tafuta yenye muhuri wa maabara huru iliyoipima.

Usichanganye kichwa kichwa. Dawa ya sonona inayoitwa fluvoksamini inaipandisha melatonini kwenye damu kwa kiasi kikubwa sana, vidonge vya uzazi wa mpango navyo vinaipandisha, na mtu wa wafarini au dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda aulize kwanza. Mjamzito na anaenyonyesha vile vile. Mtoto asipewe kwa maamuzi ya nyumbani, na chupa iwekwe mbali nae maana zile za pipi watoto wanazila kama pipi kweli. Usiendeshe gari ukishaimeza.

Magnesiamu. Hii inasifiwa sana saivi, ushahidi wake kwenye usingizi ni dhaifu, tafiti chache na ndogo, nyingi kwa wazee. Kama chakula chako hakina magnesiamu ya kutosha unaweza kuona nafuu, kama unayo ya kutosha sitegemei utaona mengi. Kikomo cha kutoka kwenye vidonge kwa mtu mzima kimewekwa Marekani kuwa miligramu 350 kwa siku, ukizidisha tumbo linaharisha, hasa ile ya oksaidi na sitreti. Mwenye figo mbovu asiguse bila daktari kwasababu figo ndo zinazoitoa, ikijaa inaathiri moyo. Na kama unameza antibayotiki za jamii ya tetrasaiklini usizimeze pamoja, magnesiamu inazishika zisifyonzwe.

Glaisini (kipande kidogo cha protini) gramu 3 kabla ya kulala, kuna tafiti ndogo za Japani zilizoona nafuu, inaonekana inasaidia joto la mwili kushuka. Sio hatari sana kwa mtu mzima mwenye afya ila usiitegemee ifanye maajabu. Valeriani (mzizi wa mmea) matokeo yamechanganyika, mara inasaidia mara haisaidii. Triptofani (nayo ni kipande cha protini) ina historia nzito, mwaka 1989 Marekani watu wengi waliugua na wengine walikufa kwa bidhaa iliyochafuka kiwandani. Kava, nayo ni mzizi wa mmea, iache, imehusishwa na kuharibika kwa ini. Vitamini B6 imejazwa kwenye mchanganyiko mwingi wa usingizi, ukimeza nyingi kwa muda mrefu inaharibu mishipa ya fahamu, unaanza kuhisi ganzi miguuni, kwahiyo soma nyuma ya chupa ujumlishe.

Ile ninayotaka uipe uzito ni madini ya chuma, na karibu hakuna anaeitaja. Kama kila ukilala miguu inakuwa na hali ya kuwashwa kwa ndani, huwezi kuiweka sehemu moja, ukitembea inaacha, ukirudi inaanza, hiyo inaweza kuwa ugonjwa wa miguu isiyotulia, na kwa wengi unachochewa na upungufu wa chuma. Kipimo ni feritini (protini inayohifadhi chuma) kwenye damu, na kwa ugonjwa huu madaktari wanaweza kuanza kutibu ikiwa nanogramu 75 kwa mililita au chini, hata kama maabara imeandika iko kawaida. Usimeze chuma bila kupima kwasababu kikizidi kinaharibu viungo. Na zile dawa za mafua zinazoleta usingizi zinazidisha hiyo hali ya miguu, kwahiyo mtu anazimeza alale kumbe ndo anajikosesha usingizi.

Alafu kafeini nayo ni saplimenti hata kama hatuiiti hivyo. Inakaa mwilini, nusu yake inabaki baada ya masaa kama matano, kwa wengine zaidi. Utafiti wa mwaka 2013 uliwapa watu miligramu 400 masaa sita kabla ya kulala na walipoteza zaidi ya saa moja ya usingizi. Kwahiyo kabla hujanunua chochote cha kukulaza, acha cha kukuamsha baada ya saa 6 mchana, kwa wiki mbili, uone.

Ukitaka kuanza kesho

Tuseme unalala saa 8 usiku unaamka saa 4 asubuhi. Siku tatu za kwanza amka saa 3 na nusu, toka nje nusu saa. Jioni zima taa za juu kuanzia saa 5 usiku, na kama utatumia melatonini, nusu miligramu saa 3 usiku. Baada ya siku tatu sogeza vyote nusu saa mapema, kuamka, taa, kidonge. Tena baada ya siku tatu. Ikifika wiki mbili hivi unaamka saa 1 na nusu na usingizi unakuja karibu na saa 5 na nusu usiku. Ukiona siku imegoma, rudia siku tatu zile zile usikimbilie mbele. Mimi nilirudia mara mbili pale kwenye saa 2 na nusu asubuhi, mwili ulikataa kabisa, alafu wiki iliyofuata ukakubali.

Ukiwa kitandani na usingizi haujaja kwa kama dakika 20, usiangalie saa kuhakikisha, kisia tu, inuka ukae kwenye mwanga hafifu ufanye kitu cha taratibu, urudi ukisikia macho yanafumba. Kitanda kikizoeleka kama sehemu ya kukesha kinakuwa hivyo.

Kama ni zaidi ya miezi mitatu na unakosa usingizi usiku tatu au zaidi kwa wiki, tafuta tiba ya mazungumzo maalum ya kukosa usingizi, ndo inayopendekezwa ya kwanza na madaktari, kabla ya dawa yoyote, na chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani mwaka 2017 kilishauri melatonini, valeriani na triptofani zisitumike kutibu tatizo sugu la kukosa usingizi. Kama unakoroma kwa nguvu na kuamka ukitweta, au huzuni imekukalia kila siku, nenda hospitali, mwanga na vidonge havitagusa hilo.

Na siku za mapumziko, hapa wengi wanapoteza kila kitu. Ukichelewa kulala ijumaa, jumamosi usilale mpaka mchana, amka ndani ya saa moja ya muda wako wa kawaida, toka nje na macho yako mazito hivyo hivyo, kama umezidiwa lala dakika 20 kabla ya saa 9 alasiri, na jioni taa zizimwe kwa muda ule ule.